Linux Niliyoichagua Mwenyewe

Aliyeniharibia kompyuta ni shemeji yangu, ndugu mkubwa wa marehemu mume wangu, na aliyemsaidia ni fundi mmoja wa Ziwa la Ng'ombe aliyekuwa akitembea na mkoba mweusi kama daktari. Nawataja mapema kabisa, maana nimechoka na watu wanaosimulia shida zao kana kwamba zilidondoka kutoka mbinguni. Shida zangu zina wenyewe. Zina nyuso na sauti, na nyingine tulikula nazo sinia moja.

Shule niliachia darasa la sita. Baba alisema msichana akishajua kusoma na kuandika jina lake yatosha, mengine atayakuta kwa mumewe. Kwa mume nikakuta mengi kweli. Lakini kupiga chapa nilijifunza mwenyewe, miaka ya themanini, nikiwa tayari nimeolewa, kwa mama mmoja wa Likoni aliyekuwa na mashine za chapa barazani kwake na rula ya kuwagonga vidole wanaotazama herufi. Mimi sikugongwa sana. Vidole vyangu vilikuwa vimezoea kusuka ukili, vilijua kwenda bila macho.

Mume wangu alipofariki tulikuwa tukiishi kwao Mtongwe, katika nyumba ya urithi, ndugu wa baba mmoja kila mtu na chumba chake na uani ni pa wote. Nikakaa eda ndani ya chumba chetu. Eda haijaisha sawasawa, shemeji na mkewe wakaanza kuulizana, kwa sauti iliyopimwa inifikie, chumba kile kitafanywa nini. Siku niliyotoka kwenda kumsalimu mama yangu mzazi, niliporudi nikakuta kitanda kimesukumwa ukutani na magunia ya saruji yamepangwa mpaka dirishani. Hakuna aliyenambia toka. Waliiacha saruji iniambie.

Basi nikavuka feri na mashine yangu ya chapa, nikapanga chumba cha mbele Magongo, kule Changamwe, penye watu wa bandarini na wa uwanja wa ndege wanaohitaji kuandikiwa maombi ya likizo, maombi ya kazi, malalamiko kwa mabosi wao. Nikala, nikalala, sikumwomba mtu. Lakini kufikia mwisho mwisho wa miaka ya tisini wateja wakaanza kuitazama mashine yangu kama kitu cha makumbusho. "Mama, huna kompyuta?" Nikapata moja iliyotumika, kutoka ofisi ya mjini iliyokuwa ikitoa za zamani. Ilikuja na Windows ya kunakiliwa, ambayo haikunifaa kitu, maana kila mteja alikuja na disketi yake mfukoni, na kila disketi ilikuwa imezunguka mji mzima kabla ya kufika kwangu. Virusi vilinila kazi. Nakumbuka risala ya arusi ya watu wa Kisauni iliyogeuka mistari ya alama za kuuliza, na bwana arusi amesimama hapo mlangoni na kanzu mpya.

Aliyeniletea Linux ni kaka yangu. Yeye ni baharia, kazi yake kuipaka mafuta mitambo ya chumba cha injini, na kwenye meli yao kulikuwa na mhandisi aliyekuwa haishi kuihubiri. Kaka akaja likizo na mfuko wa diski za CD.

"Dada, hii ni ya kukaa mahali pa Windows," akaniambia. "Ndiyo inayoiendesha mashine. Virusi vya hao wateja wako havitaijua."

"Na ya nani?"

"Haina mwenyewe. Moyo wake ni mmoja, umetolewa bure. Kila kundi la watu linauchukua, linaufunga pamoja na programu zake na utaratibu wake, linagawa. Kila funganyo moja huitwa distro. Mimi nimekuletea tatu."

Akazipanga mezani. Nikamwuliza zina tofauti gani.

"Hii ya kwanza ni diski moja tu. Nyepesi kuweka, nishaizoea. Hii ya pili ni ya Wajerumani, diski tele, na kitabu kinene kama msahafu."

"Astaghfirullahi! Usifananishe."

"Haya, kama kitabu cha simu. Hii ina kila kitu ndani. Na hii ya tatu ni ya watu wanaojitolea, hawana tajiri juu yao. Safi sana, lakini kuiweka ni kama kuposa Lamu. Maswali tele kabla hujaonyeshwa mlango."

Likizo yake ilikuwa inakatika, meli inamngoja. Nikamwambia weka unayoijua. Akaweka ile ya diski moja, na jambo moja alilolifanya namshukuru nalo mpaka leo: aliigawa diski ya ndani ya mashine sehemu mbili, mfano wa mtu apigaye ukuta wa kati. Upande huu akaweka mfumo wenyewe, upande ule kazi zangu. "Hata mfumo ukifa," akasema, "kazi zako zina mlango wao." Halafu akaenda zake baharini.

Nilijifunza. Sikujifunza kwa raha, nilijifunza kwa kulazimika, kama nilivyojifunza mengine yote. Mashine ikatulia. Na kwa ajili ya ule utulivu nikapata mteja wa maana, chuo kimoja cha ufundi upande wa Port Reitz, wakawa wananipa karatasi zao za mitihani niandike na kuchapisha. Kazi ya chuo ndiyo iliyokuwa ikinishikia chumba. Maombi ya likizo yalininunulia unga na nazi, lakini kodi ya nyumba ilitoka chuoni. Chuo kikiniacha, chumba kinaniacha, na mwanamke asiye na chumba Magongo njia yake ni moja, kurudi Mtongwe. Hilo nililijua vizuri, na shemeji alilijua vizuri zaidi.

Kasoro ikawa hii. Walimu wa chuo walianza kuandika wenyewe kwenye Windows na kuniletea disketi. Programu ya kuandikia niliyokuwa nayo kwenye Linux ikizifungua zile kazi zao, inatoa vijisanduku na vikorokoro. Ilihitajika programu kubwa ya ofisi, inayosoma za Windows, nayo haikuwamo kwenye ile diski moja ya kaka. Ilikuwa ni kitu cha kutoka nje.

Hapo ndipo shemeji akaingia. Alikuja siku ya Ijumaa baada ya sala, manukato mpaka barabarani, na fundi nyuma yake na ule mkoba.

"Shikamoo, shemeji."

"Marahaba. Hujambo wewe? Mama anakusalimu. Ameanguka bafuni, nyonga imemtoka, hawezi kuinuka ila kwa kuinuliwa. Wifi yako, mke wangu, naye mgongo wamsumbua."

"Pole zenu. Mungu amponye."

"Amina. Anakutaja wewe. Asema hakuna aliyekuwa akimwogesha vizuri kama wewe."

Mama mkwe sikuwa na neno naye. Yeye hakuwahi kubeba gunia la saruji. Lakini nikaijua safari ilikotoka: waliyemtoa chumbani sasa anatakiwa arudi anyanyue wagonjwa. Shemeji akageukia kompyuta, akasema amesikia napata taabu na disketi za chuo, na huyu kijana ni bingwa, ameniletea programu yenyewe kwenye diski iliyotoka ndani ya gazeti la kompyuta la Ulaya. Sikumwita. Narudia, sikumwita. Lakini mtu ameingia kwako na salamu za mgonjwa, utamfukuza vipi?

Fundi akaketi. Programu ikaanza kujiweka, ikafika katikati ikasimama, ikasema inataka maktaba mpya kuliko iliyopo. Maktaba, kwa watu wa kompyuta, ni vitu vya chini ambavyo programu zote huazimana. Mimi nilielewa upesi kwa sababu nimekaa nyumba ya wapangaji: uani kuna mbuzi moja ya kukunia nazi, na kila mwenye kupika atakuja kuikalia hiyohiyo. Sasa huyu mgeni amefika na kusema mbuzi yenu fupi, mimi nataka ndefu.

Fundi akapekua diski zangu pale mezani. "Hii hapa. Wajerumani wanayo mpya."

"Si mbali mbali hizo?" nikamwuliza. "Hii si ya kundi jingine?"

"Mama, zote ni Linux."

Shemeji akacheka, akajibu kwa niaba ya fundi. "Baba mmoja hao! Watu wa baba mmoja watagombania nini?"

Nilimtazama usoni. Wallahi alilisema bila kupepesa. Mtu aliyejaza saruji chumbani kwa mjane wa ndugu yake wa baba mmoja ndiye aliyenambia hivyo, na kwenye kichwa chake mambo hayo mawili hayakuwahi kukutana.

Mashine ikakataa. Ikaandika kwamba programu nyingine zote zategemea ile maktaba ya zamani. Hata Kizungu changu cha darasa la sita kilitosha kulijua neno hapana.

"Si imekataa?" nikasema.

"Imekataa kwa adabu tu," fundi akanambia. "Kompyuta ni kama bibi arusi, mara ya kwanza lazima akatae." Akaandika neno la kulazimisha. Shemeji akafurahi na ule mfano, akaurudia.

Ikakubali. Kisha kimya. Fundi akaandika neno la kuorodhesha mafaili, neno dogo kuliko yote. Likaanguka. Akaandika jingine, likaanguka. Akaizima mashine kwa swichi na kuiwasha tena, nayo ikafika katikati ya kuamka ikakwama kwenye giza, kijistari chapepesa pembeni. Aliing'oa mbuzi ya uani, akatia ya watu wa nyumba nyingine, na sasa hakuna jiko hata moja linaloweza kukuna nazi. Hata chombo cha kuirekebishia kilikuwa kikiitegemea hiyohiyo aliyoing'oa.

"Hii ilikuwa na virusi zamani," fundi akasema, anafunga mkoba.

"Haikuwa na virusi mpaka ulipokalia kiti changu," nikamwambia.

"Shemeji, usimtukane mtoto wa watu. Umesoma mpaka darasa la ngapi vile?"

"La sita. Na nilitosha kusoma pale palipoandikwa hapana."

Akasimama, akakung'uta kanzu. "Basi ndiyo hali. Labda Mungu anakwambia upumzike. Rudi nyumbani, mama anakungoja. Vitu hivi si vyako."

Wakaondoka, diski ya gazeti wameisahau mezani. Sikulia. Nilichemsha maji, nikanywa chai ya rangi, nikakaa mbele ya ile mashine iliyokwama nikiipima kama mtu apimaye kidonda.

Haikupita muda, katibu wa chuo akaja na disketi mkononi. Ni mama wa bara, mnene, mpole ila asiyezunguka maneno.

"Mama, kuna kijana amekuja chuoni na mkoba. Anasema mashine yako imekufa, na shemeji yako amesema unahama kurudi Mtongwe. Anataka tumpe yeye kazi. Ni kweli?"

Kwa hiyo hilo ndilo lililokuwa. Sisemi walikuja wakikusudia kuiua mashine. Fundi hakujua alifanyalo, hilo niko radhi kuliapia. Lakini alipoiua alijua la kufanya na maiti yake, na shemeji ndiye aliyempa maneno ya kwenda nayo chuoni.

"Sihami," nikamwambia katibu. "Na mitihani ya wiki ijayo utaichukua hapa."

"Unaahidi? Mimi nikikosa karatasi, mkubwa atanila mbichi."

"Naahidi, inshallah. Nipe hiyo disketi."

Akanipa, akaenda akigeuka nyuma. Mashine imekufa na mimi nimeahidi. Ndivyo nilivyo. Ningengojea kuwa na uhakika, mpaka leo ningekuwa nabeba ndoo kwa wifi.

Kaka alikuwa na desturi ya kupiga simu kila meli ikitia nanga, kwenye simu ya duka la jirani. Safari hii alipiga kutoka Durban. Nikaitwa nikakimbia na leso moja. Nikamweleza haraka haraka, maana simu za mbali hazingoji mtu apumue.

"Wamechanganya!" akapiga kelele. "Dada, hiyo haifufuki, ni kuweka mfumo upya. Kazi zako zi salama upande wake, usiuguse upande ule. Sasa sikiliza, weka ile ile ya diski moja..."

"Hiyo sitaki."

"Ati?"

"Sitaki. Hiyo ulinichagulia kwa sababu wewe waijua, na wewe uko Durban. Nataka ambayo nikiwa na haja ya kitu nitakikuta ndani, nisiende kuomba nje. Naweka ya Wajerumani."

Akacheka. "Na ile programu ya ofisi? Hiyo ni ya nje popote utakapokwenda."

"Hiyo ndiyo naitaka uniambie."

"Ipe chumba chake. Usiitawanye ndani ya mfumo. Na kila inachotaka kuazima, maktaba na nini, kiweke humohumo chumbani mwake, halafu uandike kijiamri kinachoiambia ikiamka itazame chumbani kwanza. Amri yenyewe ni..." Akanitajia, nikairudia kama mtoto wa chuo cha Kurani anavyorudia alif, be, te, mara mbili, kisha simu ikakatika. Nikarudi nyumbani nikiimung'unya njiani, wala sikumwitikia mtu salamu. Jirani mmoja aliniambia baadaye alidhani nimefiwa.

Niliziacha diski zile mbili nyingine sandukuni. Ya wanaojitolea niliipenda roho yake, watu wasio na tajiri ni watu wa aina yangu. Lakini nilikuwa na ahadi, sikuwa na nafasi ya kuposa Lamu. Kitabu cha Wajerumani nikakifungua mapajani. Kizungu kingi kilinipita, lakini kulikuwa na picha za kila ukurasa utakaouona kwenye skrini, na picha haina darasa la sita wala la nane.

Mfumo ukaanza kuniuliza. Lugha. Kibodi. Kisha likaja swali lenyewe: upande gani wa diski ufutwe? Ukapendekeza wenyewe, kwa upole kabisa, kwamba ufute zote na kunipangia upya. Mkono wangu ulikuwa juu ya kitufe. Ndani ya upande ule wa pili kulikuwa na mitihani yote ya chuo niliyopata kuandika, na mipya niliyokuwa nimeifikisha nusu. Nikakataa pendekezo. Nikachagua kwa mkono, upande wa mfumo ufutwe, upande wa kazi ubaki na uitwe kama ulivyokuwa ukiitwa. Nikasoma tena, nikasoma mara nyingine kwa sauti, kisha nikabonyeza nikasema Bismillahi.

Diski zikaingia moja baada ya moja, nami nikikuna nazi mlangoni nikizingoja ziombe ifuatayo. Ilipoamka, jambo la kwanza nililolifanya ni kufungua upande wa kazi. Zote zilikuwamo. Mpaka ile risala iliyoharibika.

Programu ya ofisi nikaijengea chumba chake, kando, mbali na mfumo. Ikadai maktaba yake, kama ada. Nikaipekua kwenye diski ya gazeti ilikotoka, na kweli ilikuwamo, fundi hakujisumbua kutazama. Nikaiweka humohumo chumbani. Nikaandika kile kijiamri cha kaka. Mara ya kwanza ikakataa, kwa sababu nilisahau nukta. Mara ya pili ikafunguka polepole sana, uzito wa bibi kizee akiinuka mkekani, lakini ikafunguka, na mfumo wangu haukuguswa hata unywele. Nikatia disketi ya chuo. Maswali ya umeme wa magari yakatokea, yote, yanasomeka. Mistari ya majedwali tu ndiyo iliyopinda, nikainyosha kwa mkono.

Shemeji alirudi siku ileile ya kuchukuliwa mitihani. Sikupanga mimi, alipanga yeye. Alikuja na pikapu ya kuazima, akairudisha nyuma mpaka mlangoni kwangu, akashuka akikunja mikono ya kanzu.

"Tuanze na kitanda au na makochi?" akauliza.

"Tuanze kwenda wapi?"

"Si nyumbani? Nimekuja na gari la vyombo."

Printa ilikuwa ikienda, kwa kelele zake za kukereza. Akaisikia. Akachungulia ndani, akaitazama skrini, akanitazama mimi.

"Nani amekutengenezea?"

"Nimeketi mwenyewe."

"Fundi alisema haiwezekani tena."

"Fundi alisema zote ni kitu kimoja. Mimi nimechagua moja, na wa nje amekaa kwake."

Hakuelewa, na sikumfafanulia. Akaanza tena na ugonjwa wa mama, sauti ameishusha. Nikamwambia mama mkwe nitakwenda kumwogesha kila Jumapili, kwa mikono yangu na kwa hiari yangu, na kila Jumapili nitavuka kurudi. Siku nyingine ana mtoto wa kiume na ana mkaza mwana, wajifunze kuinua mtu.

"Wanawake wa siku hizi," akasema.

"Mimi wa siku zilezile. Nyinyi ndio hamkunijua."

Nyuma ya pikapu nikamwona katibu wa chuo, amekumbatia mkoba wake tumboni, anatafuta pa kupenya kati ya bodi ya gari na ukuta wangu.

"Mama, kumbe unahama kweli?" akaita, na uso wake umeshuka.

"Hahami mtu hapa," nikamjibu. "Karatasi zako zinamaliza kutoka, ingia uzihesabu." Kisha nikamgeukia shemeji, kwa heshima zote anazostahili mkubwa wa marehemu. "Shemeji, tafadhali sogeza gari. Umemzibia mteja wangu."

Akatazama kama kuna mtu mwingine wa kumwambia neno. Hakuwapo. Akapanda, akasogeza.